Umeombwa maoni kuhusu miksi. Useme nini zaidi ya "kali sana"?

Ujumbe unaingia na faili la sauti la dakika tatu na ushee. "Sikiliza hii," rafiki anaandika. Hujamaliza hata ubeti wa kwanza, unafuata mwingine: "Nataka maoni ya kweli, usinionee haya." Unasikiliza hadi mwisho. Kuna kitu hakijakaa sawa, unakihisi kabisa, ila jina lake hulijui. Unaandika "kali sana!", unatupia na alama ya moto, kisha unaendelea na shughuli zako huku ukijua kwamba hujamsaidia chochote.

Wapo wanaokosea upande wa pili. "Miksi mbovu." "Punguza besi." "Nunua maiki ya maana." Hawa hujiona wakweli, na huenda ni wakweli, lakini anayepokea maneno hayo habaki na cha kufanya zaidi ya kununa.

Pande zote mbili zina tatizo moja: hatujui tunachoulizwa. Zamani kumiksi ilikuwa kazi ya watu wachache waliokaa studio mbele ya meza ndefu iliyojaa vitufe. Leo kompyuta ya kawaida inatosha, hata simu inatosha, na wanaojifunza kumiksi wamekuwa wengi kuliko wanaojua kuwajibu. Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa fundi mitambo ili maoni yako yawe na faida. Unahitaji kusema umesikia nini, sehemu gani ya wimbo, na kupitia kifaa gani. Ukarabati mwachie mwenyewe.

Miksi ni ipi hasa?

Wimbo hupita mikono mingi, hata pale mikono yote inapokuwa ya mtu mmoja. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Kuna upangaji: ala gani ipige nini na iingie lini. Kuna kurekodi. Ndipo inapokuja miksi, kazi ya kuzichukua sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake, ngoma, besi, kinanda, gitaa, mwimbaji na waitikiaji, na kuziunganisha ziwe wimbo mmoja unaotoka kwenye spika mbili. Mwisho ni masteringi, ambayo huushika wimbo ukiwa umeshaungana na kuuandaa kwa ajili ya kutoka: ukubwa wa sauti yake kwa jumla, urari wake, na jinsi unavyokaa ukipigwa baada ya nyimbo nyingine.

Chukua mfano wa picha ya pamoja ya watu 30. Utunzi na upangaji ni kuamua nani aitwe. Kurekodi ni wao kufika wakiwa wamevaa walivyotakiwa. Miksi ni ile kazi ya mpiga picha anayesema: wewe mrefu nenda nyuma, ninyi watatu sogeeni kushoto, mtoto njoo mbele, bwana kofia yako inamfunika mwenzako. Masteringi ni kuitengeneza picha iliyokwisha kupigwa, kuongeza mwanga kidogo na kuitia fremu. Aliyefunikwa uso na kofia hataonekana hata fremu ikiwa ya dhahabu.

Nyenzo za mmiksi si nyingi kama watu wanavyodhani. Kubwa kuliko zote ni kupandisha na kushusha: nani awe na sauti kubwa, nani ndogo. Kuna kupanga kushoto na kulia. Kuna ikwalaiza, inayoongeza au kupunguza sehemu fulani ya masafa, kuanzia besi chini hadi trebo juu. Kuna rivabu, ule mwangwi unaofanya sauti isikike kama imo ukumbini au mbali kidogo na msikilizaji. Na kuna kompresa, ambayo ndiyo inayowachanganya wengi. Ifikirie kama mtu aliyeshika kitufe cha sauti, ambaye mwimbaji akipayuka anashusha. Matokeo yake, tofauti kati ya mnong'ono na ukelele hupungua, na mmiksi anaweza kuinua vyote viwili pamoja bila ukelele kukutoboa masikio.

Kwa nini nianze na mipaka hii? Kwa sababu malalamiko mengi yanayoitwa ya miksi si ya miksi. Mwimbaji aliyetoka nje ya ufunguo, ubeti mrefu kupita kiasi, vinanda vitatu vinavyopiga kitu kilekile kwa wakati mmoja, maiki iliyowekwa mbali hadi chumba kizima kikasikika: hivyo ni vya hatua za nyuma. Unaweza kuvitaja, ila vitaje kwa majina yake, na kabla ya hapo uliza swali moja: "Bado unaweza kurekodi upya, au imebaki miksi tu?" Jibu litakuokolea nusu ya maneno. Hakuna faida kumwambia mtu kwamba kibwagizo hakina mvuto kama mwimbaji ameshasafiri na mradi umebakiza siku mbili.

Kabla ya kuihukumu miksi, lihukumu sikio lako

Niliwahi kumwandikia mtu aya nne kuhusu besi yake iliyozidi. Nilieleza kwa mifano, kwa upole, nikajisifu moyoni. Siku ya pili nikagundua kwamba hedifoni zangu zilikuwa zimewashwa ile mipangilio ya kuongeza besi, na kila wimbo niliousikiliza wiki ile ulikuwa na besi iliyozidi. Yule mtu alikuwa ameshaishusha.

Tangu hapo nina sharti moja: kabla ya kufungua faili la mtu, napiga kwanza wimbo ninaoujua vizuri, kwenye kifaa kilekile na katika chumba kilekile. Dakika moja tu. Nikiona hata wimbo ule besi yake inanguruma kuliko kawaida, najua kosa ni la kifaa.

Sababu zake ni za kifizikia. Sikio changa lenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na upande wa juu hupungua kadiri umri unavyosonga. Spika iliyomo ndani ya simu haifiki chini huko kabisa. Chini ya hezi 200 au 300 hutoa kidogo sana, ilhali uzito wa besi na kiki katika nyimbo nyingi uko kati ya hezi 40 na 100. (Kiki ninayoisema hapa ni ile ngoma nzito inayopigwa kwa mguu, si ile ya kutafuta umaarufu.) Kwa hiyo anayesikiliza kwa simu na kuandika "besi haipo" ametoa maoni kuhusu simu. Hata hivyo maoni hayo si ya kutupwa, kwa kuwa wasikilizaji wengi wa wimbo huo nao watatumia simu. Yakiandikwa "kwenye spika ya simu siisikii besi hata kidogo, naambulia mlio wa makofi na mwimbaji tu", mmiksi mzoefu ataelewa kwamba besi yake yote imekaa chini mno na haina chembe za juu kidogo ambazo simu ingeweza kuzitoa. Maneno karibu yaleyale, ila moja ni hukumu na jingine ni taarifa.

Chumba nacho kina ujanja wake. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, pengine kuliko chumba chenyewe. Likigonga ukuta na kurudi, linakutana na jingine linalokuja. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanafutana. Ndiyo maana ukikaa kwenye kona besi hujaa, na ukisogea hatua mbili kuelekea katikati huenda ikapotea kabisa. Anayemiksi katika chumba kidogo cha kulala mara nyingi anapigana na kuta zake bila kujua. Akiletewa maoni na watu watano waliosikiliza mahali patano tofauti, hapo anaanza kuujua wimbo wake.

Halafu kuna ukubwa wa sauti unayosikilizia. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutolingana huko hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Ukisikiliza kwa sauti ndogo, besi hupungua masikioni mwako kuliko vitu vya katikati. Ukipandisha, besi inarudi. Wimbo uleule, faili lilelile, unaweza kuonekana mwembamba saa nne usiku ukiogopa kuamsha watu, na kuonekana mnene mchana ukiwa peke yako.

Nalo faili lenyewe liulizie. Programu nyingi za kutumiana ujumbe huibana sauti ili isafiri haraka, hasa ikitumwa kama ujumbe wa sauti, na kinachopotea zaidi ni vile vya juu, mng'ao wa matoazi na pumzi za mwimbaji. Kabla ya kuandika "trebo imefifia", mwombe mwenzako akutumie faili kama waraka, au kiungo cha kupakua.

Mtego wa sauti kubwa

Huu ndio mtego unaoharibu maoni mengi kuliko mwingine wowote, kwa hiyo nitamchelewesha msomaji hapa kidogo.

Wapigie watu wimbo uleule mara mbili, mara ya pili ukiwa umeongeza sauti kwa desibeli moja tu, kipimo kidogo cha ukubwa wa sauti. Wengi hawatasema "ya pili ni kubwa zaidi". Watasema ya pili ni nzuri zaidi: iko wazi, imejaa, ina nguvu. Sikio huchanganya ukubwa na ubora, na halikuambii kwamba limechanganya.

Sasa angalia kinachotokea mtu anapolinganisha miksi ya anayejifunza na wimbo uliotoka. Wimbo uliotoka umeshapita masteringi na kubanwa kwa limita, kile kifaa kinachozuia vilele vya sauti visivuke dari. Kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla kinaitwa LUFS, namba hasi ambazo zikikaribia sifuri wimbo unakuwa mkubwa zaidi. Nyimbo nyingi za midundo mizito hutoka zikiwa karibu na -8. Miksi ambayo haijafanyiwa masteringi inaweza kuwa -18. Hizo ni desibeli 10 za tofauti, na kwa sikio la kawaida desibeli 10 ni kama sauti kuongezeka maradufu. Msikilizaji anaandika: "Yako haina nguvu kama za redioni." Mmiksi anasoma, anaingia ndani, anasukuma kila kitu hadi sauti inapasuka, na wimbo uliokuwa unapumua unageuka kuwa ukuta.

Dawa yake ni rahisi: shusha ule uliotoka hadi viwili vilingane kwa sikio, ndipo ulinganishe. Utashangaa ni mara ngapi miksi ya mwanafunzi inajitetea vizuri. Tena mashindano hayo ya ukubwa yamepoteza sehemu ya maana yake, kwani huduma za kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify husawazisha nyimbo zikaribie -14 LUFS kwa mipangilio ya kawaida. Aliyeukandamiza wimbo wake hadi -6 anashushiwa tu, akabaki na ukandamizaji bila ukubwa aliouhangaikia.

Kusikiliza kabla ya kusema

Mara ya kwanza sikiliza kama mtu wa kawaida, bila kalamu. Angalia tu ni wapi akili yako imetoka kwenye wimbo. Labda ulijikuta unafikiria jambo jingine kuanzia dakika ya pili. Labda ulikunja uso ghafla. Mahali hapo ndipo penye habari, na ukisikiliza mara kumi utapazoea na habari itapotea. Sikio la kwanza halirudi. Mwenye wimbo alishalipoteza la kwake zamani, ameusikia mara mia mbili, na ndiyo sababu amekutafuta wewe.

Mara ya pili andika muda: 0:41, 1:04, 2:30. Mara ya tatu shusha sauti sana, karibu na kutosikia kabisa, au toka chumbani na uache mlango wazi. Ninapenda jaribio hili kuliko yote. Kwa sauti ndogo mapambo yote huanguka na vinabaki vile ambavyo miksi imevipa ukuu. Kama unachosikia ni mwimbaji na mdundo, mpangilio una kichwa na miguu. Kama kinachobaki ni manyanga peke yake, umeshapata la kumwambia.

Ukiweza, isikilize pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa. Spika nyingi ndogo za kubeba ni mono. Kuna athari zinazopanua sauti kushoto na kulia kwa kuyafanya mawimbi yasukumane kinyume. Yakiunganishwa yanafutana, na kinanda kilichojaza ukumbi kinatoweka kama hakikuwahi kurekodiwa.

Kutoka hisia hadi maneno

Watu wengi husikia vizuri ila hukosa msamiati, na huo unajengeka. Wamiksi husema sauti ina tope pale vitu vingi vinaporundikana katika eneo la hezi 200 hadi 500: kila ala ina unene wake hapo, gitaa, kinanda, mwimbaji wa kiume, na zikikusanyika huwezi kutenganisha ipi ni ipi. Sauti inayosikika kama imo ndani ya boksi iko maeneo hayohayo, juu kidogo. Sauti inayochoma, ile inayokufanya utake kupunguza kila kibwagizo kinapoingia, mara nyingi ina wingi kati ya hezi 2,000 na 5,000, eneo ambalo sikio la binadamu ni kali kuliko pengine popote. Herufi "s" na "sh" zinazochana masikio hukaa juu zaidi, karibu na 5,000 hadi 8,000. Sauti iliyofunikwa blanketi imekosa vya juu. Na ukisikia wimbo mzima unanywea kila kiki inapopigwa kisha unafufuka, kompresa imebana kupita kiasi, ingawa katika muziki wa disko la kisasa watu hufanya hivyo makusudi.

Namba hizi ni kama majina ya mitaa, zinamsaidia mwenzako kujua aanzie wapi kutafuta. Usizigeuze kuwa amri. Huzijui? Achana nazo kabisa, sema "tope" au "inachoma", na ataelewa. Heri neno la kawaida lililo sahihi kuliko namba uliyoikisia ili uonekane fundi.

Jambo lililo zito zaidi ni kutofautisha dalili na dawa. Unapojaribu nguo kwa fundi cherehani, unamwambia kwapa linabana ukiinua mkono. Humwambii akate sentimita mbili. Yeye anajua kwamba huenda tatizo liko begani. Msikilizaji ni bingwa wa kusema panapobana na mara nyingi hukosea anaposema pakatwe wapi, hata akiwa mzoefu, kwa kuwa mbele yake kuna nguo iliyokwisha kushonwa, vipande havioni.

Mfano halisi. Kwenye kibwagizo, maneno ya mwimbaji hayasikiki. Maoni yanayokuja haraka ni "pandisha mwimbaji". Anapandisha. Sasa kiki inaonekana dhaifu, anaipandisha nayo. Besi imepotea, anaipandisha. Baada ya nusu saa kila kitu kiko juu, maneno hayasikiki vilevile, na mstari wa mwisho wa kipimo cha sauti umegeuka mwekundu. Kilichokuwa kinatokea ni kufunikana: sauti mbili zikikaa kwenye masafa yanayokaribiana, kubwa humeza ndogo, sawasawa na ile kofia kwenye picha. Kumwinua aliyefunikwa ni njia mojawapo. Njia nyingine ni kumwambia mwenye kofia asogee: kulipunguza gitaa katika eneo moja tu, au kulisukuma kushoto, au kulinyamazisha kabisa hadi mstari uishe. Sasa soma maoni haya: "Kibwagizo kinapoingia 1:04, mstari wa pili siyashiki maneno, nimejaribu hedifoni na spika. Kwenye ubeti nilimsikia vizuri. Nahisi kuna kitu kinapigania nafasi yake, pengine gitaa." Mwenye wimbo amepewa muda, dalili, kifaa, mahali pa kulinganisha na shaka moja iliyoitwa shaka. Njia zote bado ziko wazi kwake.

Ukweli kiasi gani?

Kuna wanaoamini ukali ndio unaofundisha, na wanakukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengine wanaamini katika mkate wenye tabaka tatu: sifa, kosa, sifa. Sikubaliani sana na yeyote kati yao. Sifa ya kufungia mzigo hutambulika haraka. Baada ya mara mbili mtu anasikia sifa na kujikunyata akingoja rungu.

Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti za miongo mingi kuhusu athari za kupewa maoni, katika kazi za kila namna. Kwa wastani maoni yalisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi ya matokeo, waliopewa maoni walifanya vibaya zaidi. Maelezo yao, kwa ufupi, ni kwamba maoni yanayovuta akili ya mtu kwenye nafsi yake, mimi ni nani, nina kipaji au sina, huiondoa kwenye kazi. Soma tena "miksi mbovu" kwa jicho hilo. Kisha, na hapa ndipo watu hushangaa, soma "wewe ni fundi wa hatari". Yote mawili yanamhusu mtu. Hakuna hata moja linalohusu kibwagizo cha 1:04.

Sifa yenye kazi ni ile inayomwambia mtu asiguse nini. "Besi na kiki zimeshikana vizuri, hata kwa sauti ndogo nazihisi zote mbili" ni taarifa muhimu, kwa sababu usipoisema, kesho atakapokuwa anatafuta tope ataikata besi hiyohiyo. Nimeona miksi ikiharibika katika toleo la nne kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwenyewe kwamba toleo la pili lilikuwa na kitu.

Kuhusu idadi, chagua mambo mawili au matatu, uanze na kubwa. Mwimbaji akiwa amezama, usizungumzie mkia wa rivabu kwenye sneya, ile ngoma yenye mlio mkavu. Orodha ya makosa 19 humfanya mtu ashughulikie yaliyo rahisi na kuliacha lile moja ambalo lingebadilisha wimbo, na mengine kati ya hayo 19 huondoka yenyewe kubwa likirekebishwa.

Kisha kuna ladha. Sauti iliyopasuka inaweza kuwa ajali, na inaweza kuwa ndiyo roho ya wimbo. Mwimbaji aliyezama kwenye mwangwi ni kosa katika aina moja ya muziki na ni desturi katika nyingine. Uliza, "Hapa 2:30 sauti inapasuka, ulikusudia?" Swali hilo lina faida ya ziada: kama hakukusudia, mara nyingi hata alikuwa hajasikia. Kama alikusudia, mwambie limekufikiaje na mwache. Mwombe pia akutajie wimbo mmoja au miwili aliyokuwa akiulenga, maana bila hapo utamsukuma kuelekea wimbo unaoupenda wewe.

Uvumi mmoja nitaupitia kwa haraka: kwamba masteringi itarekebisha. Masteringi hupokea faili moja lililokwisha kuungana, na ndani ya faili hilo mwimbaji na gitaa ni kitu kimoja kama sukari na maji. Ukipunguza kinachochoma kwenye gitaa, umempunguza na mwimbaji. Na ule wa vifaa ghali: maiki na spika nzuri husaidia, ila kwa miezi ya mwanzo yanayokwaza miksi nyingi ni ukubwa wa sauti usiopangwa na ala nyingi kupita kiasi, na vyote viwili hurekebishwa bure. Ushauri wa kununua kitu ni ushauri wa mwisho kabisa, ukishakosa mengine yote.

Kuna jibu moja ambalo watu hulisahau, nalo ni "imetosha". Masikio huchoka, na mtu akishachoka huanza kuhamisha matatizo, anatoa hapa anaweka pale, kila toleo likiwa tofauti bila kuwa bora. Bruce Swedien, aliyemiksi wimbo wa Michael Jackson wa "Billie Jean" uliotoka kwenye albamu ya mwaka 1982, alisimulia kwamba alifikisha miksi 91 za wimbo huo. Walipoketi kusikiliza upya na Quincy Jones, prodyuza wa albamu hiyo, waliomba kusikia ya pili. Ndiyo iliyotoka.

Kwa hiyo mwenzako akikutumia faili linaloitwa "miksi ya mwisho kabisa 7", lisikilize, andika dakika zako, kisha mwombe akutafutie na ile ya 2.